Mnazi upi, tembo gani?

*Pwani ya kusini ina kileo chake, aina zake za miti na mafundi wake. Sheria inauliza saa na leseni. Habari za mbegu na za kotama zimeachwa huko huko shambani.*

Jua halijachomoza Msambweni na pikipiki zimeshaanza safari. Nyuma ya dereva imefungwa mitungi miwili ya manjano, ya lita 20 kila mmoja, na midomo yake imezibwa kwa kumbi badala ya kifuniko. Ukikaza kifuniko mtungi utavimba, na huenda ukapasuka kabla ya kufika Ukunda, kwa sababu kilichomo kinafoka chenyewe. Muda mfupi uliopita kilikuwa juu kileleni, kikitona kutoka kwenye karara la maua.

Hili ndilo tembo la asubuhi, ambalo watu wa huku hulitaja kwa jina la mti wenyewe: mnazi. Likifika mapema ni tamu, jeupe kama maji ya mchele, lenye povu jembamba. Adhuhuri limekolea. Jioni ni kali. Kesho yake wanywaji wengi hulikataa, na likiachwa siku kadhaa linakuwa siki.

Sasa tazama saa za sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la Sheria ya Mututho kutokana na John Mututho, mbunge wa Naivasha wa wakati huo, iliruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa juma. Kwa bia ya kiwandani saa hizo hazidhuru kitu. Kwa mgema, saa kumi na moja jioni ni wakati ambapo mzigo wa alfajiri umeshapoteza utamu wake.

> Bia inaweza kungoja hadi saa kumi na moja jioni. Tembo halingoji.

Muuzaji amebakiwa na njia mbili. Auze asubuhi kwa kujificha, au auze jioni kinywaji kilichozidi ukali, akikitia sukari kukirudisha. Njia zote mbili zinamharibia jina fundi aliyefanya kazi yake vizuri.

Mvinyo usio na lebo

Niliagizwa kuandika kuhusu mvinyo wa pwani ya kusini, na mahali pa kuanzia palionekana wazi: orodha za vinywaji katika hoteli za Diani. Humo chupa hutambulishwa kwa aina ya zabibu: Sauvignon Blanc, Chenin Blanc, Cabernet Sauvignon, Shiraz, Pinotage. Baada ya zabibu huja eneo, mara nyingi Stellenbosch au Paarl kule Afrika Kusini, kisha mwaka wa mavuno. Mgeni anajua anakunywa tunda gani na limetoka udongo gani.

Ng'ambo ya barabara kuu iendayo Lunga Lunga kuna kinywaji kilichogemwa asubuhi hiyo hiyo, katika shamba linalojulikana, na mtu anayejulikana, kwenye mti ambao hata mtoto wa nyumba ile anaweza kukuonyesha. Habari zote hizo hupotea pale mtungi mmoja unapomiminwa ndani ya mwingine. Tembo safi la fundi aliyeosha kibuyu chake linachanganywa na la mtu ambaye hakuosha, na bei inakuwa moja.

Kwa maoni yangu hapo ndipo shida ilipo, na nyingine nyingi zinatoka hapo. Kileo kisichojulikana mti wake wala fundi wake hakiwezi kutetewa mbele ya chifu, hakiwezi kuuzwa kwa bei nzuri, na hakimpi mwenye shamba sababu ya kupanda mnazi mwingine.

Kwa nini si zabibu

Mzabibu unataka kupumzika. Katika nchi za baridi, msimu wa baridi huulaza kwa lazima. Majani hupukutika na mti hukaa kimya hadi joto lirudi. Katika nchi za joto mkulima huulaza kwa makasi na kiangazi: anaukata matawi, anaunyima maji, kisha anauamsha kwa wakati anaoutaka yeye. Hila hiyo inafaulu mahali pakavu. Msambweni, penye unyevu wa bahari na mvua za masika na za vuli, ukungu wa majani hauna likizo.

Ndiyo maana mvinyo wa zabibu wa Afrika Mashariki umeota bara. Dodoma, kwenye uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 na msimu mmoja tu wa mvua, zabibu zilianza na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950. Leo wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na aina wanazozitaja ni Makutupora nyekundu, Chenin Blanc na Syrah. Wana kituo chao cha utafiti pale Makutupora, ambacho kazi yake ni zabibu. Hapa Kenya mashamba ya mizabibu yako Naivasha, juu kwenye Bonde la Ufa, na mvinyo wake umeuzwa kwa jina la Leleshwa.

Tofauti nyingine iko kwenye sukari. Zabibu za mvinyo huvunwa zikiwa na sukari ya asilimia 20 hadi 25, na hamira ikishaila yote hubaki kileo cha asilimia 12 hadi 14. Utomvu wa mnazi una sukari ya asilimia 12 hadi 15 hivi. Likichacha, tembo hufikia kileo cha asilimia 5 hadi 8, kisha vijidudu vya siki hushika zamu.

Fundi wa zabibu ana mavuno mamoja au mawili kwa mwaka, na baada ya hapo anao muda. Anaweza kulaza mvinyo kwenye pipa miezi kumi na minane akiufikiria. Mgema huvuna kila alfajiri na kila jioni, na uamuzi wake wote anaufanya akiwa ameshikilia shina kwa mapaja.

Mrefu, mfupi na chotara

Mnazi unaotawala Kwale, kaunti yenye Msambweni na Diani, ni ule mrefu wa Afrika Mashariki. Huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kutoa karara la kwanza, hufikia mita 20 na zaidi, na huendelea kuzaa hata baada ya aliyeupanda kufariki. Huchavushwa na minazi mingine, kwa hiyo hakuna nazi mbili za mbegu zilizo sawa. Shamba la minazi mirefu ni mkusanyiko wa watu wa ukoo mmoja wenye tabia mbalimbali: huu una kole zito la nazi, ule una karara nene, wa tatu unavumilia ukame. Mgema anayajua haya yote, na ana miti anayoitegemea na miti anayoiruka.

Damu ya minazi hii yenyewe ina safari ndefu. Mwaka 2011 watafiti Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minazi zaidi ya 1,300 kutoka sehemu nyingi za dunia. Walikuta koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Pasifiki na nyingine ya Bahari ya Hindi na Atlantiki. Upande wetu wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi koo hizo zimechanganyika, na wao wanaona alama ya mabaharia wa kale waliounganisha Asia ya Kusini-Mashariki na Madagaska pamoja na pwani ya Afrika Mashariki.

Mnazi mfupi ni habari nyingine. Ule unaoitwa wa Pemba, au kitamli, hutoa kole miaka mitatu au minne baada ya kupandwa na hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana na mama. Madafu yake ni matamu na hayahitaji mkwezi. Lakini nyama ya nazi yake haimridhishi anayekuna kwa ajili ya tui, na kiangazi kirefu huutesa.

Katikati yuko chotara, mtoto wa mfupi na mrefu, anayezaa mapema na kwa wingi pale anapopata maji na mbolea. Hapa Watanzania wanayo ya kutueleza. Mpango wao wa taifa wa kuendeleza minazi, uliokuwa na kituo chake cha utafiti Mikocheni, Dar es Salaam, ulileta machotara kutoka nje katika miaka ya 1980 kwa matumaini makubwa. Ugonjwa wa kufisha minazi pamoja na ukame uliangamiza mengi ya mashamba hayo, na baadhi ya minazi mirefu ya kienyeji ndiyo iliyostahimili zaidi.

> Shamba la minazi mirefu ni mkusanyiko wa watu wa ukoo mmoja wenye tabia mbalimbali.

Kwa mgema, kila aina ina hesabu yake. Mnazi mrefu una panda la maua refu na nene, hivyo utomvu ni mwingi na kazi kwenye karara moja hudumu, ila kila tone linagharimu kupanda na kuteremka mara mbili au tatu kwa siku kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Mguu ukiteleza hakuna bima. Mnazi mfupi ungemruhusu ageme akiwa amesimama chini kwa miaka kadhaa, hata kama panda lake ni jembamba. Katika nchi za Asia zinazopika sukari ya mnazi, minazi mifupi na machotara hupandwa makusudi kwa ajili ya kugemwa. Kwetu mche mfupi ukigawiwa, husifiwa kwa madafu. Sijaona mahali unaposifiwa kwa kuokoa maisha ya mgema.

Kazi ya kotama

Karara ni ala inayofunika maua kabla hayajachanua. Mgema hulichagua likiwa limejaa na bado limefumba. Hulizungushia kamba ili lisifunguke, na kwa siku kadhaa huligonga na kulikunja taratibu mpaka liinamie chini. Likivunjika, kazi imekwisha. Likizoea kuinama, hukata ncha kwa kotama, kile kisu chepesi kilichopinda, na utomvu huanza kutona.

Tangu hapo ni suala la unene wa kipande. Kila anapopanda, mgema hupunguza ncha ili kidonda kisifunge. Akikata kinene, karara litaisha kabla ya siku zake. Akikata chembamba mno, njia za utomvu haziamki. Karara lililoshikwa na mkono mzuri hugemwa kwa mwezi mzima na pengine zaidi, na kabla halijaisha mnazi wenye afya umeshatoa jingine, kwa kuwa hutoa karara moja karibu kila mwezi.

Kisha kuna kibuyu, na hapa ndipo mgema na fundi wa zabibu wanapofanana kabisa. Utomvu unaotoka kwenye mti ni mtamu na hauna ukali wowote. Unachachuka kwa sababu ya hamira na vijidudu vinavyoishi hewani, kwenye kidonda cha mti na zaidi kwenye mashapo yaliyobaki kibuyuni tangu jana. Anayetaka tembo tamu huosha chombo kwa maji ya moto na kukikausha. Anayetaka kali huacha mashapo kidogo, nayo huanzisha kazi mara moja. Hilo ni chaguo la fundi, sawa na yule wa Stellenbosch anayeamua kutumia hamira ya pakiti au ile iliyokuja na maganda ya zabibu.

Mvua ikinyesha bila kibuyu kufunikwa, tembo huwa maji. Nyuki wakizidi, linajaa takataka. Chombo cha plastiki kilichokaa na mafuta ya taa hakisafishiki hata ukikichemshaje. Mambo haya yote yanajulikana kwa wagema wa Msambweni, Vanga, Shimba Hills na Lunga Lunga. Hayamo katika fomu za leseni.

Kadzama na mikate

Kwa Wamijikenda tembo lilikuwa na kazi kabla ya kuwa na bei. Kadzama, yaani chombo cha tembo kinachopelekwa kwa wazee, hufungua mazungumzo ya posa, hulipia kosa na husindikiza maombi. Hakuna mzee aliyefungua shauri kubwa kwa mikono mitupu. Tembo humwagwa pia kwa ajili ya waliotangulia.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi na Wagiriama, jamii mojawapo ya Wamijikenda, katika miaka ya 1960, na kitabu chake cha 1972, *Palms, Wine, and Witnesses*, kinaeleza jinsi wakulima waliokuwa wakinunua mashamba ya minazi walivyosilimu, na Uislamu ukawapa sababu inayoheshimika ya kujitoa katika unywaji wa pamoja na gharama zake, huku ushahidi wa wazee juu ya nani kauza mnazi gani ukiendelea kutolewa penye tembo. Mti, kinywaji na haki ya mali vilikuwa jambo moja.

Hata jikoni kwa watu wasiolewa tembo lilikuwa na nafasi yake. Kabla ya hamira ya pakiti kuenea, wapishi wa pwani walitia tembo kwenye unga ili uumuke. Utomvu mtamu ulichemshwa mpaka ukawa mzito, ukaitwa asali ya tembo. Ukiuliza leo sokoni Ukunda utapata asali ya nyuki na sukari ya kiwandani kwa urahisi zaidi.

Pande zinazovutana

Kwale ina Wadigo wengi, na Wadigo wengi ni Waislamu. Kwa imamu wa Msambweni suala ni jepesi: kinacholevya ni haramu, na anayekitengeneza, anayekibeba na anayekiuza wote wamo. Msimamo huo unastahili kuheshimiwa, na haujatoka kwenye dini peke yake. Mama ambaye mumewe huondoka alfajiri kwenda mangweni, yaani kilabuni pa tembo, na kurudi mchana bila pesa ya unga anayo hoja isiyohitaji kitabu.

Lakini mashamba mengi yenye minazi inayogemwa ni ya Waislamu hao hao. Mwenye shamba hanywi, anakodisha. Makubaliano hutofautiana: wapo wanaolipwa kodi kwa kila mti, wapo wanaogawana tembo kwa siku, wapo wanaokataa katakata kuona kibuyu kikining'inia mnazini mwao. Anayekubali ana hesabu rahisi. Kole lililoachwa lizae hupita hatua zake zote, upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma hadi nazi, na safari hiyo ni ya mwaka mzima. Nazi huanguliwa kila baada ya miezi michache, na bei huamuliwa na mwenye lori. Karara lililogemwa linaleta pesa kila siku.

Wenye viwanda vya mafuta na tui wanaiona hesabu hiyo kwa jicho baya, kwa sababu karara lililogemwa halizai nazi. Lawama hii ni ya zamani. Maofisa wa kikoloni walitaka mbata kwa ajili ya kusafirishwa nje na walimlaumu mgema kila ilipopungua. Mimi nadhani lawama imewekwa mahali pasipo pake. Mkulima anayepata bei nzuri ya nazi hahitaji kufundishwa kuangua. Aliyempeleka kwa mgema ni soko la nazi lenyewe.

Hoteli za Diani nazo zina upande wao, ingawa hazijihesabu kwenye mzozo huu. Zinanunua makuti kwa ajili ya mapaa, madafu kwa ajili ya wageni, mbao za mnazi kwa ajili ya samani. Kila sehemu ya mti inaingia hotelini kwa mlango wa mbele isipokuwa tembo.

> Mwenye shamba hanywi, anakodisha.

Wanaoumia kimya kimya ni wagema. Kazi yao haina cheti na haina chama chenye nguvu. Vifo vya pombe yenye sumu vikitokea mbali, wao hulipa. Mwaka 2014 methanoli iliua watu wengi katika kaunti kadhaa za bara, na Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa kijijini Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe haramu. Mara zote mbili serikali ilitangaza msako wa nchi nzima. Tembo la huku halikenekwi, na methanoli haiwezi kujikusanya ndani yake kama inavyoweza kwenye pombe iliyokenekwa au iliyotiwa kemikali. Kumwaga mitungi ya Msambweni hakuokoi mtu Kirinyaga.

Hata hivyo sitaki kumsafisha kila muuzaji. Maji machafu, sukari ya kuficha uchachu na vyombo visivyooshwa vipo, na vinaumiza matumbo ya watu. Anayetetea tembo bila kuyasema haya hawatetei wanaolitengeneza vizuri.

Ofisi mbili, jengo moja

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka kilimo cha mazao mikononi mwa kaunti. Jedwali hilo hilo liliweka utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Kwa maneno mengine, afisa anayejua minazi na afisa anayetoa leseni ya tembo wote wanalipwa na Kwale.

Kwa upande wa taifa, Mamlaka ya Kuendeleza Minazi iliyoundwa 2007 ilimezwa na Mamlaka ya Kilimo na Chakula baada ya sheria za 2013, na mnazi sasa unashughulikiwa na kurugenzi moja pamoja na korosho, makadamia na mazao mengine ya mafuta. Mnazi ulipoteza mlango uliokuwa na jina lake. Utafiti uko KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, lenye vituo Mtwapa na Matuga, na Matuga iko hapa hapa Kwale.

Nchi nyingine zimeshamfikiria mgema kama mfanyakazi. Jimbo la Kerala, kusini mwa India, lilitunga sheria ya mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wa tembo mwaka 1969, na tembo huuzwa katika maduka yenye leseni. Sri Lanka hukeneka tembo la mnazi kuwa araki inayouzwa nje kwa jina la nchi, na wagema wake hupita kutoka mnazi hadi mnazi juu ya kamba za makumbi zilizofungwa kati ya vilele, hivyo kupunguza idadi ya mara za kupanda na kushuka. Kamba hizo hazihitaji teknolojia ngeni. Makumbi tunayo.

Wapo pia wanaozuia uchachu. Chokaa kidogo kibuyuni, au ubaridi tangu kileleni, huubakiza utomvu ukiwa mtamu, na kutoka hapo unapikwa kuwa asali au sukari. Njia hii ingemruhusu mwenye shamba Muislamu kuuza utomvu wa mnazi wake bila dhamiri kumsumbua, na mgema angebaki na kazi ile ile ya kotama. Siki nayo ni halali, ina soko, na ndiyo njia pekee inayogeuza hasara ya kuchelewa njiani kuwa bidhaa.

Lakini sipendekezi kwamba tembo lote lipikwe. Watu wa Kwale wamekunywa mnazi kwa vizazi, na wataendelea. Swali ni kama watakunywa wanachokijua.

Miti inazeeka

Yote haya yanategemea miti iliyopo, nayo imechoka. Minazi mingi mirefu ya pwani ilipandwa na mababu, na uzazi wake umepungua. Chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, hutaga kwenye magogo yaliyooza na kutoboa vilele vya miti mizima. Miaka ya karibuni wadudu weupe wadogo wamevamia majani na kuyaacha na masizi meusi. Kwa mnazi unaogemwa tiba yenyewe ni hatari: dawa inayodungwa kwenye shina husafiri na utomvu, na utomvu ndio unaonywewa. Anayetoa ushauri wa dawa bila kuuliza kama mti unagemwa anaweza kumdhuru mnywaji asiyemjua.

Ardhi pia inahama. Kando ya bahari Diani viwanja vimeuzwa na minazi ikaanguka. Maumba na Nguluku, familia zilihamishwa ili kuupisha mgodi wa titani wa Base Titanium, na mashamba yao yakaenda pamoja na minazi na mikorosho. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, na mjadala wa nini kipandwe huko ni mahali pazuri pa kuuliza ni nazi ya mbegu ya mti upi.

Maana mbegu ya mnazi mrefu haiji kwenye pakiti. Huchaguliwa kwa mti mama, na anayeujua mti mama ni mgema na mkwezi. Wao wameuona kila wiki kwa miaka: wanajua unatoa makarara mangapi, unafanyaje kiangazi, chonga anaupenda au anaupita. Kitalu kinachokusanya nazi zozote kutoka kwa mchuuzi kinatupa ujuzi huo wote na kuanza upya kwa kubahatisha.

Kaunti inaweza kuanza bila kusubiri Nairobi. Leseni ya tembo iandikwe jina la mgema, shamba na idadi ya minazi. Saa za kuuza tembo la siku ziwe za asubuhi na mchana, na mangwe zifungwe kabla ya giza. Afisa wa kilimo aende na mgema shambani, watie alama kwenye miti mama, na nazi zake zipelekwe kitaluni zikiwa na namba. Sehemu ya ada za leseni irudi kwa wagema kama bima ya kuanguka.

Nazi ya mbegu hukaa kitaluni miezi sita hadi tisa. Mche mrefu utakaopandwa masika ya 2027 hautafungwa kamba kwenye karara kabla ya 2033, na kati ya tarehe hizo mbili Kwale itakuwa imepiga kura mara mbili.